Siku Mama Begi Alipopita Ikolo

Begi la turubai likilowa jasho kisha likapigwa na jua hutoa harufu yake peke yake, harufu ya hema la msibani na soksi. Mnisamehe kwa kuanza na soksi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa ndani ya mji wa kale wa Fez, huko Moroko, saa nane mchana, kiangazi cha kwao kimepamba moto, na shanta langu mgongoni limegandana na blauzi. Nilikuwa nimepotea tena. Vichochoro vya mji ule havina huruma na mgeni: unaingia kimoja ukidhani kinakupeleka sokoni, kumbe kinaishia mlangoni kwa mtu. Kuta ndefu kulia na kushoto, juu kipande chembamba cha mbingu, na mbele anakuja punda aliyebebeshwa ngozi mbichi, mwenye punda anapiga kelele "Balak! Balak!", yaani pisha njia, nawe na begi lako huna pa kupishia. Nikajibana ukutani. Punda akapita akinifuta tumbo kwa ngozi zake, nikabaki nacheka peke yangu, mwanamke mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu.

Mama mmoja mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake. Akanitazama nilivyokuwa nahema, akanyoosha mkono, akalipigapiga begi langu taratibu kwa kiganja, vile mtoto anavyopigwapigwa mgongoni ili alale. Sijui alitania au macho yalimdanganya. Lakini harufu ile ilikuwa puani na kiganja kile kilikuwa kwenye begi, na mimi machozi yakanitoka hapo hapo, ya furaha, mjue, maana nilikuwa bado nacheka.

Rafiki zangu kazini walikuwa wameniuliza: mtu unapata likizo yako, unakwenda kutembea juani na mzigo mgongoni kwa nini, kwani huko hakuna teksi? Niliwajibu kwamba ni mazoezi. Ukweli wenyewe ni mrefu, na hauanzii Moroko. Unaanzia Ikolo, Kyela, kwa bibi yangu.

Nyinyi wa umri wangu mnazikumbuka siku zile. Tulikuwa tumezoea maduka yenye rafu tupu na mwenye duka anayesinzia, mara tukasikia ruksa, kila mtu afanye biashara. Basi Kyela nzima ikaingia barabarani. Mchele ukavuka mpaka kwenda Karonga, upande wa Malawi, na kutoka Karonga vikarudi sabuni, sukari, vitenge na mabeseni ya plastiki yenye rangi za kuumiza macho. Mama yangu naye hakubaki nyuma. Alikuwa na dada yake ameolewa Karonga, kwa hiyo pa kulala alikuwa napo. Msimu wa mavuno ulipokwisha akajitwisha mchele kichwani, akamfunga mdogo wangu Ipyana mgongoni kwa mbeleko, akaniambia, "Tuse, baki na Bibi, usome. Nakuja sasa hivi."

Mimi Tusekile nikabaki. Nilikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka yote, na nilikuwa nimeelewa jambo moja vibaya sana. Kwetu mzigo ni wa kichwani na mgongo ni wa mtoto. Hilo halihitaji kufundishwa, unaliona tangu ufumbue macho. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: mgongo wa mama una nafasi moja, na nafasi hiyo kapewa Ipyana. Kwa hiyo mimi nimeachwa. Tena alikwenda kusini. Baba yangu naye alikuwa amekwenda kusini, migodini, kabla Ipyana hajazaliwa, na tangu hapo hatukumwona wala kumsikia. Kichwani mwangu kusini kulikuwa na kitu kinachomeza watu wa kwetu, na mama yangu alikuwa amekifuata mwenyewe kwa miguu yake. Niliogopa kiasi kwamba nikiliona beseni jipya la plastiki kwa jirani, nilikuwa nageuza uso.

Mama hakunyamaza. Wachuuzi wakipita walileta sukari na salamu: hatujambo, Ipyana ameota jino, nakuja. Bibi naye alizijibu palepale barabarani, amejifunga khanga vizuri na sauti ameipandisha: "Mwambieni hatujambo kabisa. Mtoto hajambo, anakula, anakwenda shule, hana neno!" Nami nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, macho yamevimba kwa kulia.

"Bibi, mbona husemi kwamba nalia?"

"Gwe mwana," akasema, yaani wewe mtoto, "unataka mtu wa watu abebe kilio chako hadi Karonga? Ndiyo adabu hiyo?"

Adabu ndiyo ilikuwa hiyo. Kwetu anayepeleka salamu hupewa mazuri. Ukiugua, unasema hujambo. Ukilala njaa, umeshiba. Habari mbaya ina utaratibu wake, ina mtu mzima wa kuipeleka, na haipelekwi mpaka iwe ya kufa. Kilio cha mtoto hakikufikia hapo. Basi mama akawa anapata salamu nzuri, anazijibu kwa nzuri, miezi ikapita, na mimi nikawa nakonda.

Siku yenyewe ilikuwa ya lile joto la kabla ya mvua, mnalijua lile la Kyela, ukivaa nguo ni shida na ukivua ni shida. Nilikuwa chini ya kivuli kando ya barabara ya Matema, nimewekewa sinia la maembe ya mwanzo niuze. Hakukuwa na mnunuzi, hata mbwa walikuwa wamejilalia. Mara nikaona mtu anakuja kutoka upande wa Matema, polepole, anayumba. Mwanamke, mzungu, uso umeiva mwekundu. Wazungu nilikuwa nimewaona, lakini ndani ya magari. Huyu alikuwa anatembea. Na mgongoni alikuwa amebeba kitu kikubwa kilichofunikwa gubigubi kwa kitambaa cha bluu, kimempita kichwa, na chini, pande mbili, viatu viwili vinaning'inia vikipiga huku na huku.

Mgongoni. Viatu. Kafunikwa hadi kichwani kwenye jua lile, na halii wala hatikisiki.

Niliacha maembe, niliacha sinia, nikatoka mbio hadi nyumbani. "Bibi! Bibi! Mzungu amembeba mtoto wake amekufa!"

Bibi yangu alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa kijiji walipita mikononi mwake, na mtu akitaja mtoto alikuwa hasikii la pili. Alitupa ungo, mchele ukamwagika, akakaza khanga na kutoka. Njiani akaita wenzake. Jirani yetu Mama Lugano, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko kengele ya kanisa, alisikia maneno mawili tu, mtoto na amekufa, na hayo yakamtosha. Akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio cha msiba, na kina mama waliokuwa wanatwanga wakaacha michi wakaja wakilia naye. Tulipofika barabarani tulikuwa msafara mzima.

Mgeni aliposimama na kutuona alifadhaika. Hakusalimia. Alisema tu kwa sauti kavu, "Maji. Naomba maji."

"Pole mwanangu," Bibi akasema akimsogelea na mikono mbele. "Pole sana. Mteremshe. Nipe mimi."

"Hapana," mgeni akasema, akarudi nyuma, akazikamata zile kamba za mabegani.

"Mteremshe tu, mama. Hata kama ni hivyo, mteremshe apumzike."

"Hapana! Yangu! Kila kitu yangu iko hapa!"

Mama Lugano akazidisha kilio. "Masikini wee! Anasema ndiye alikuwa kila kitu chake!"

Bibi hakubishana naye tena. Alikwenda nyuma yake, kwa vidole vile vilivyozoea kazi, akakivuta kile kitambaa cha bluu taratibu, akiwa tayari ameinamisha kichwa. Kitambaa kikatoka. Tukaona turubai, kamba, sufuria ndogo nyeusi kwa moshi, godoro jembamba lililoviringishwa, na viatu viwili vimefungwa pamoja kwa nyuzi zake.

Hata Mama Lugano alibaki mdomo wazi, kilio kimekatikia katikati. Bibi aliigusa sufuria kwa kidole, akaichungulia ndani. Kisha akanigeukia.

"Gwe mwana. Huyu ndiye maiti wako?"

Loo, kicheko kilichoanguliwa pale! Kina mama walikaa chini barabarani. Mmoja alikuwa anajipigapiga kifua akisema mbavu sina, jamani, mbavu sina. Mama Lugano alicheka huku machozi ya msiba bado yanamtiririka, hata hayakuwa na nafasi ya kukauka. Mgeni hakuelewa chochote, lakini kicheko kile kilikuwa na nguvu, naye akacheka, akacheka mpaka akaketi chini. Ndipo Bibi akanyamaza, akamshika paji la uso.

"Huyu jua limempiga," akasema. "Inukeni, acheni upuuzi. Mleteni nyumbani."

Ndivyo alivyoingia kwetu. Bibi alimlaza mkekani, akamfunika khanga iliyolowekwa majini, akamnywesha maji yenye sukari na chumvi kijiko baada ya kijiko, na kila akiinua kichwa aseme anataka kuendelea na safari, Bibi alimrudisha chini kwa kiganja. Alikuwa na jina lake la kwao, lakini kina mama hawakuhangaika nalo. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na mtoto wa huyu tulikuwa tumeshamjua. Wakamwita Mama Begi. Alipoelewa maana yake alifurahi kuliko watu wote. Akawa analipigapiga begi na kusema, "Mtoto wangu mzito sana. Anakula sana."

Nyumba yetu ilichangamka siku zile! Bibi alimpikia wali na mbasa wa ziwani, akamfundisha kusalimia. Hapo palikuwa na kazi. Mama Begi alikuwa na Kiswahili cha kitabuni, chenye haraka: akimwona mtu anasema shida yake kwanza. "Nataka chumvi." "Choo kiko wapi?" Bibi anafumba macho kwa aibu. "Kwanza unauliza habari za asubuhi. Halafu za watoto. Halafu za shamba. Ukimaliza ndipo unaomba chumvi." Mama Begi anasema, "Lakini wali unapoa," na jirani waliokuja kumtazama wanaangua kicheko upya. Mimi nilikuwa namfuata kila aendapo. Naweza kusema nilimpenda, na nilimpenda kwa sababu alikuwa na mgongo mpana.

Jioni alituchorea chini kwa kijiti safari yake ilikoanzia. Ilianzia kwenye mji mkongwe sana, huohuo wa Fez, mwezi wa joto kali, akiwa na begi lilelile. Akachora mistari, mistari ndani ya mistari, mpaka uwanja wa Bibi ukajaa. "Hizi zote njia," akasema. "Nyembamba. Watu wawili na mizigo, mmoja lazima arudi nyuma. Gari hakuna. Punda tu." Nilimwuliza watu wa huko wamekosana na nini hata wakazibana nyumba zao hivyo. Akasema wanakimbia jua. Alisimulia alivyopotea mle, jua la mchana, maji yamemwishia, mpaka mwanamke asiyemjua akafungua mlango, akamvuta ndani kwa mkono, akampa maji na kumgombeza sana kwa lugha asiyoijua. "Kama Bibi," akasema. Bibi akasema huyo alikuwa mama mwenye akili.

Mimi nilikuwa na swali langu. "Mama yako yuko wapi?"

"Mbali. Kaskazini."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Karonga. Halafu kusini, kusini zaidi."

Nikamsogelea. "Halafu?"

"Halafu narudi kwa mama," akasema, kama mtu anayesema atakwenda kisimani.

Usingizi ulinikataa. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akisema hivyo: nakwenda kusini, halafu narudi. Na alikuwa anapita Karonga. Na mgongo wake, nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, haukuwa na mtoto. Ulikuwa na sufuria.

Asubuhi ya kuondoka kwake kina mama walimpeleka mtoni akaoge. Nguo zake zote Bibi alikuwa amezifua, zimekauka, zimekunjwa mkekani, na begi limefuliwa nalo, limekaa wazi, tupu. Nilichungulia ndani. Pamoja na kufuliwa kote kule, harufu ya safari ilikuwa palepale. Nikaingiza mguu mmoja, nikaingiza wa pili, nikajikunja magoti hadi kidevuni. Nilienea. Mimi wa wakati huo nilikuwa mdogo kama kuku wa kienyeji. Nikakivuta kifuniko juu ya kichwa changu nikatulia, na kwa vile sikuwa nimelala usiku, giza lile la joto likanimaliza. Nikasinzia mle.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye, mara nyingi, na kila aliyesimulia aliongeza chumvi. Walirudi kutoka mtoni, Bibi akaniita nije kumuaga mgeni. Nikakosekana. Wakanitafuta barabarani, wakanitafuta kisimani, watoto wakatumwa shuleni, na Bibi akaanza kuita jina langu kwa sauti iliyopasuka. Mama Begi, ambaye hakuelewa haraka ile yote, aliinama aanze kupanga nguo zake, akapeleka mkono ndani ya begi, na mkono ukashika nywele.

Yowe alilopiga ndilo lililoniamsha. Nikachomoza kichwa. Nilikuta watu wamejaa uwanjani, na Mama Lugano amesimama mbele yao, kidole amenielekezea.

"Si nilisema mimi?" akapaza sauti. "Si nililia siku ile? Kumbe mtoto alikuwemo kweli!"

Walicheka kweli, wakashikana mabega. Bibi peke yake hakucheka. Alikuja akanichutamia. "Tuse, unafanya nini humo?"

"Nakwenda kwa mama."

"Kwenye begi?"

"Mgongo wa mama una Ipyana," nikamwambia. "Wa Mama Begi una nafasi."

Kicheko kikaisha kimojakimoja. Bibi alikaa chini kabisa, mavumbini, na khanga yake safi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nalia, Bibi. Kila siku."

"Nilidhani unalia tu, watoto wanavyolia," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, begi likiwa bado limenimeza hadi kifuani.

Mama Begi alikuwa ametufuata neno kwa neno, midomo inacheza. Alipoelewa, aliuma mdomo. Kisha akafanya kitu ambacho watoto wote wa Ikolo walinionea wivu mwaka mzima: alipiga goti, akapitisha kamba mabegani, akasimama nami ndani. Nilichomoza kwa juu, mikono nje, na tukatembea hivyo hadi barabarani, kina mama nyuma wakipiga vigelegele, watoto wakikimbia pembeni. Nilipaona kwetu kutoka juu kwa mara ya kwanza, mapaa, michikichi na mashamba makavu ya mpunga hadi mbali. Furaha yangu haikuwa na kifani, maana nilidhani ndiyo nimeondoka.

Barabarani akaniteremsha. Niling'ang'ania kamba, nikalia, nikampiga hata teke, msiulize. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, akasema, "Siwezi kukubeba. Lakini nitakwenda kwa mama yako. Nitasema."

Bibi akamkabidhi kifurushi cha mchele na maelekezo: sokoni Karonga, uliza Mama Tusekile anayeuza mchele wa Kyela. Kisha, kwa mazoea, akakaza khanga na kupandisha sauti. "Mwambie hatujambo kabisa. Mtoto hajambo, anakula..."

"Lakini mtoto analia," Mama Begi akasema.

"Ndivyo tunavyosema, mwanangu. Salamu ndivyo zilivyo."

"Mimi nitasema analia."

Kina mama walitazamana. Lilikuwa jambo la aibu kweli, kumpelekea mtu neno kama hilo mbele za watu, tena sokoni. Nilimtazama Bibi. Nilijua angeweza kukataa, na Mama Begi, ambaye alimwogopa, angetii. Bibi aliangalia kule barabara inakoelekea. Hakumkataza.

"Ndaga fijo," akasema tu, ndiyo asante sana yetu, na Mama Begi akaenda zake na viatu vyake vinaning'inia.

Basi nikasubiri. Kila basi la vumbi lililopita nilisimama. Mvua za kwanza zikaanza, barabara ikawa tope, na watoto wakawa wananitania kwamba mzungu ameshanisahau, yuko kwake anakula mkate. Siku moja wakapita wachuuzi kutoka Karonga. Nikawakimbilia. Salamu zao zilikuwa zilezile: mama yako hajambo, Ipyana hajambo. Walikuwa wameondoka huko kitambo, lakini mimi hilo sikulijua. Nilirudi ndani nikalala kifudifudi mchana kweupe, na Bibi hakuniambia niinuke. Aliketi karibu yangu akichagua mchele mpaka jioni.

Mama alikuja mvua ikinyesha. Tulisikia kwanza Mama Lugano, sauti ile, akiita kutoka kwake, "Mama Tuse! Jamani, Mama Tuse huyo!" Nilitoka nikamwona anakuja kwenye tope, viatu mkononi, Ipyana mgongoni chini ya kitenge. Kichwani hakuwa na kitu. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka bila mzigo, alikuwa amekuja mikono mitupu. Nilitaka kumkimbilia, miguu ikagoma.

"Yule mzungu wenu!" alianza kabla hata ya hodi, anacheka na kulia kwa pamoja. "Alinisimamia mbele ya mchele wangu, soko limejaa. Hakunisalimia! Hata habari za mchana hakuniuliza! Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: mtoto wako analia, kila siku, ameingia kwenye begi langu aje kwako. Soko zima likanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Tulimwambia salamu ndivyo zilivyo," Bibi akasema. "Sisi tulikutumia salamu."

"Salamu zenu zilikuwa nzuri mno, mama. Ningejuaje?"

Bibi alijifuta uso kwa pindo la khanga na kusema moshi wa jikoni umezidi, wakati jikoni hapakuwa na moto.

Mama akanigeukia. Alinitazama mikono yangu, shingo yangu, akaona nilivyopungua, na kicheko kikamwisha. "Nilijua unacheza," akasema. "Kila siku niliambiwa unacheza. Karonga sirudi bila wewe, unasikia? Shule ikifungwa tunakwenda wote, ikifunguliwa tunarudi wote."

Nilikuwa nasikia, ila sikuwa nimeamini. Nilikuwa natazama mbeleko. Sijui kama Mama Begi alimweleza na hilo la mgongo, au mama aliliona tu machoni mwangu. Alifungua fundo, akamtoa Ipyana, akamtia mikononi mwa Bibi. Ipyana akapiga kelele za kunyang'anywa mali yake. Mama hakumsikiliza. Akanipa mgongo, akachutama palepale kwenye tope.

"Panda."

"Mimi ni mkubwa," nikasema. "Niko darasa la kwanza." Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani.

"Panda upesi, Tusekile, kabla hapajapoa."

Nikapanda. Palikuwa na joto kweli, na unyevu wa mdogo wangu, ambaye nadhani alikuwa amekojoa. Mama akazungusha kitenge, akakifunga kifuani kwa nguvu, akainuka akiguna. Miguu yangu ilining'inia hadi magotini kwake. Hakuingia ndani. Alitoka nami uwanjani, mvua ikitunyeshea, akapita mlango kwa mlango, vile anavyotembezwa mtoto mchanga, na Mama Lugano akatoka nje akashika kiuno.

"Hongera, mwenzangu! Umejifungua mtoto gani?"

"Wa kike," mama akajibu. "Meno bado hana."